Anayelia Anapumua

Kapita alikuwa anafinya watoto. Naanza hapo kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililoambiwa juu yake, kabla sijamwona kwa macho, na kwa muda mrefu sikutaka kujua jingine.

Nilikuwa nimefika Keshero, pembeni mwa mji, na binti yangu Aline mgongoni na furushi la nguo kichwani. Wawili wengine nilikuwa nimewazika njiani tulipokimbia kutoka Masisi, homa iliwachukua wakifuatana, na baba yao sijui alikopotelea. Kwa hiyo nilikuwa na haja moja tu duniani, nayo ni kwamba Aline asife. Jirani yangu Mama Riziki, mwanamke wa Rutshuru mwenye binti aliyemzidi wangu kidogo kwa umri, ndiye aliyenipeleka kulima kwenye shamba kubwa upande wa magharibi, ukifuata barabara ya kwenda Sake.

"Beba jembe yako," aliniambia, "na mutoto usimulaze. Kule iko kapita moja anafinyaka batoto. Akikuta mutoto amelala, anamufinya mupaka alie."

"Juu ya nini?"

"Muulize yeye. Sisi tulishachoka kuuliza."

Kapita kwetu ni msimamizi wa shamba la mtu mwingine. Mwenye shamba anakaa mbali, anakuja na gari wakati wa mavuno. Kapita ndiye anayegawa mistari asubuhi, anayekagua kazi jioni, na anayetukanwa mchana kutwa. Huyu wetu bila shaka alikuwa na jina alilobatizwa nalo, lakini sikuwahi kulisikia. Hata mke wake alimwita Kapita, na alipokasirika naye alimwita Kapita kwa sauti kubwa zaidi.

Alikuwa mrefu, mkavu, na alivaa koti zito la mvua hata jua likiwaka. Juu ya suruali alifunga mkanda mpana wa ngozi, wa askari pengine. Hakuwa na salamu. Ukimwambia "Jambo, Papa," alikuangalia mgongoni kwanza aone umebeba nini, halafu ndipo akaitikia. Siku yangu ya kwanza hakuitikia kabisa. Alimwangalia Aline, akanyoosha kidole, akasema neno moja.

"Etaji."

Etaji ilikuwa jukwaa la miti ya mkalitusi, limeinuliwa juu kuliko kichwa cha mtu, na sakafu ya fito, na ukingo wa kamba za katani ili watoto wasianguke. Sisi wanawake ndio tuliolipa jina hilo kwa kejeli, kwa kuwa nyumba za etaji, yaani za ghorofa, mjini zilikuwa za matajiri, na hapa watoto wetu wenye kamasi walikaa etaji bure. Kapita alilipenda jina, akalichukua. Kila asubuhi ungemsikia toka mbali: "Batoto kwa etaji! Batoto bote kwa etaji! Ule wa chini ni wa nani?" Kwa zamu mmoja wetu alibaki juu kuwaangalia, na huyo zamu yake ilipofika alinuna, maana mstari wake ulilala.

Tulilichukia lile jukwaa. Upepo wa ziwani ulipiga pale juu bila kizuizi, manyunyu yaliingia, na watoto walikohoa tangu mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Kule chini, hatua chache tu, kulikuwa na vibonde vizuri kabisa. Ardhi ya kwetu ni mawe yaliyomwagwa na mlima wa moto, na katikati ya mawe kuna sehemu zilizozama. Udongo wake ni mweusi, majani yake mabichi hata kiangazi, upepo haufiki, na pana joto la kupendeza. Mama aliyeinama tangu alfajiri akitafuta pa kumlaza mtoto, macho yake yanakwenda hapo yenyewe.

Na humo ndimo mazuku hukaa. Mazuku ni hewa inayotoka chini ya ardhi. Haina rangi, haina harufu ya kukushtua, na kwa kuwa ni nzito hujaa kibondeni kama maji ndani ya beseni. Mtu mzima anapita wima, pua yake iko juu, hajui kitu. Mtoto aliyelazwa chini anapata usingizi, na usingizi huo hauishi. Mama yake anamtazama toka kwenye mstari, anasema leo amelala vizuri, Mungu asante, ngoja nimalize hapa.

Basi ndiyo sababu Kapita alikuwa anafinya. Mtoto aliyefumba macho hakumwamini. Alipanda ngazi ya etaji mwenyewe, na magoti yake yakilia, akapita kati ya watoto waliolala akimfinya huyu paja na yule shavu, na walipoanza kulia wote kwa pamoja alishuka ameridhika. Niliruka kutoka kwenye mstari siku aliyomfinya Aline kwa mara ya kwanza. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke aliyefundishwa adabu hamwambii mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Bado!"

"Basi utamaliza kesho. Mutoto mwenye kulia iko anapumua. Rudia kazi."

Hiyo ilikuwa kauli yake. Mtoto mwenye kulia anapumua. Watu wa kwetu husema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na kwa kawaida wanasema hivyo wakitaka kumchapa mtoto. Yeye hakuchapa mtoto hata mmoja. Alitaka kelele tu. Nilidhani mwanzoni kwamba ni mtu mkatili anayefurahia vilio, kisha nikagundua jambo: etaji ikipiga makelele, Kapita alitembea taratibu, akaokota magugu, hata akapiga mluzi. Etaji ikinyamaza, aliacha kila kitu akaja mbio, koti likimpiga miguuni, na uso wake ukiwa umebadilika. Ukimya ulimtisha.

Lakini nyumbani kwake, na hili alinisimulia mke wake akicheka, mtoto wa jirani akilia Kapita alitoka nje na kutupa mawe juu ya bati lao. "Hapendi kelele ata kidogo," alisema. "Ata redio anazimaka."

Watu walisema lazima aliwahi kupoteza mtoto kwa mazuku, ndiyo maana. Ni maelezo mazuri, yanaingia vizuri masikioni, nami niliyasadiki mpaka nilipomuuliza huyo mke. Aliniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa. Watoto wao wote walikuwa hai, wakubwa, wawili wako Butembo wanafanya biashara, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga shamba. Sijui Kapita aliupata wapi ule woga wake. Si kila jambo la mtu lina mzizi wa kuonyesha wageni.

Juu ya mazuku yenyewe alikuwa na imani ya kila mtu aliyekutana naye. Wanawake wa kikundi cha maombi walisema ni mapepo ya watu waliokufa bila kuzikwa. Kijana mmoja aliyesoma akawaambia ni gazi, gesi ya mlima wa moto. Walibishana mbele ya Kapita wakitaka aamue. Alisema, "Ukipenda ita shetani, ukipenda ita gazi. Jina haiue mutu." Siku nyingine kiongozi wa wale wa maombi alikuja na Biblia na wenzake, wanataka kushuka kwenye kibonde kikubwa wapige magoti wakikemee. Kapita alisimama njiani.

"Omba, mama," alimwambia. "Lakini omba umesimama."

Tulicheka mpaka tukakaa chini, halafu tukakumbuka tumekaa chini, tukainuka haraka. Hata yule mama wa maombi alicheka. Waliomba wamesimama, wakaimba, wakaenda zao, na kibonde kikabaki vilevile.

Hakuwahi kuweka alama kwenye vibonde. Tulimwambia apande vijiti au afunge vitambaa. Alisema mbuzi watakula vitambaa na watoto watang'oa vijiti wachezee, na mtu akishazoea kuona alama, mahali pasipo alama patamfanya mjinga. Wengine hupima kwa moto, wanashusha majani yanayowaka, moto ukizimika wanajua pamejaa. Hilo nalo alilidharau. "Moto inakuambia ya sasa," alisema. "Haikuambie ya saa ile upepo italala." Kwa kweli kibonde kinaweza kuwa kitupu mchana na kujaa asubuhi baada ya mvua. Kapita alivijua vyote, vya kila siku na vya mara moja kwa mwaka, vikubwa na vile vya upana wa mkeka, na alitembea kati yake bila kuangalia chini.

Sasa niseme mabaya yake, maana nikimwacha hapa atakuwa mtakatifu, na alikuwa mbali na utakatifu.

Dawa ya kuua wadudu wa viazi aliiweka ndani ya chupa ya Fanta, na chupa aliitia mfukoni mwa lile koti. Mtu aliyeogopa hewa asiyoiona alibeba sumu ya rangi nzuri kifuani, na akipanda etaji kufinya watoto, shingo ya chupa ilitokeza hapo mbele ya vidole vyao. Aline alikuwa amekwishaanza kusimama. Niliona mkono wake umeishika. Nilipanda ngazi sijui kwa miguu gani, nikaichomoa, nikaimwaga yote kwenye mawe mbele yake.

"Hiyo ni dawa ya patron!" alipiga kelele, akimtaja mwenye shamba.

"Na huyu ni mutoto yangu!"

Alinifukuza. Nilikaa nyumbani, nikala aibu na sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi, Mama Riziki akinipa alichoweza. Siku moja asubuhi nikamkuta Kapita amesimama mlangoni pangu, amefunga vifungo vyote vya koti. Hakuomba msamaha, hajui neno hilo. Alisema viazi vyangu vimeota magugu na yeye si mtumishi wangu. Nilirudi. Mfuko ulikuwa mtupu, lakini chupa niliiona baadaye imefichwa chini ya jiwe, ni Fanta vilevile, na tuligombana tena. Katika jambo hilo hakujifunza kamwe.

Lililokuwa baya zaidi lilikuwa lile la mkanda. Kapita alikuwa na kipimo chake cha nani ni mtoto. Alimsimamisha mtu mbele yake, akamvutia kwenye tumbo lake, akaangalia utosi. Ukiwa chini ya mkanda wewe ni wa etaji, hata kama unajua kuhesabu na kusoma. Ukipita mkanda, umeshuka, wewe ni mtu wa kazi. Kipimo hicho hakukiota. Alikuwa amechunguza kwa miaka mpaka wapi hewa ile hufika katika vibonde vyetu, akasema hukomea shibiri nzima chini ya mkanda wake, na mwenye kupita mkanda atapita salama. Kwa hiyo mtoto aliyepita mkanda, bega lake likiwa bado laini, alibebeshwa bomba la kupulizia dawa, akatembea kwenye mistari na maji yale yakimchirizika mgongoni. Jioni walitapika. Nilimwambia, "Papa, bale bangali batoto." Alisema, "Mutoto iko chini ya mukaba. Bale ni batu." Alilisema bila ukali, kama anayekutajia bei ya sokoni, na akaenda.

Na mama zao walifurahi. Hilo nalo ni kweli, na silisemi ili kumtetea. Mtoto aliyeshuka etaji alikuwa mikono miwili zaidi kwenye mstari, na mstari ndio uliokuwa ugali. Siku Riziki, baada ya miaka ya kukaa etaji, alipopita mkanda, mama yake alipiga vigelegele. Kapita alimvuta tumboni, akaangalia utosi, akamgeuza, akapima tena kwa nyuma. "Huyu ni mukubwa," alisema, na msichana akatuangalia sote akitabasamu, akaomba jembe.

Aline, aliyekuwa bado chini ya mkanda, alilia kubaki etaji bila rafiki yake. Mimi nilishukuru kimoyomoyo kwamba binti yangu ni mfupi. Nilikuwa nalala nikifikiria ule mkanda, nikimwangalia anavyonyooka, nikitamani asirefuke.

Ilikuwa asubuhi iliyofuata usiku wa mvua, hakuna upepo, ziwa limelala. Riziki alikuwa anang'oa lengalenga, mchicha wa kwetu, pamoja nasi. Alisimama vizuri, alipita mahali pengi vizuri, na kichwa chake kweli kilikuwa juu ya hewa yoyote iliyokuwepo, kama Kapita alivyopima. Kisha akataka kwenda haja.

Mtoto wa etaji akishikwa na haja anachuchumaa popote, anapiga kelele mama nimemaliza, na watu wanacheka. Lakini Riziki alikuwa mkubwa sasa, alikuwa ametangazwa mbele ya watu wote, na mtu mkubwa ana aibu. Alitafuta mahali pa kujificha. Katika shamba la mawe na viazi, pa kujificha ni kibondeni tu. Alishuka, akachuchumaa.

Mama yake ndiye aliyeuliza, "Riziki iko wapi?" Kapita alikuwa mbali, na aliposikia swali lile alitupa kila kitu. Hakuuliza njia. Alikimbia moja kwa moja, akavuta pumzi juu ya ukingo, akashuka, na tukamwona anapanda na msichana mikononi, miguu yake ikining'inia, gauni limepanda. Alimshusha gauni kwanza. Ndipo akamlaza juu ya jiwe kubwa penye hewa, akamfinya. Alimfinya mikono, mashavu, mapaja, akamfinya kwa nguvu mpaka ngozi ikabaki na alama, akisema, "Lia. Lia, mutoto. Lia." Mama Riziki alikuwa anapiga yowe, nasi sote tukiwa naye, na katika yowe lote lile aliyekuwa kimya ni Riziki.

Tulimzika kesho yake. Kapita alisimama mbali, nyuma ya watu, na Mama Riziki alipomwona alimwendea, tukadhani atampiga. Alimshika ule mkanda kwa mikono miwili. Alimtikisa tu, na Kapita akaacha atikiswe.

Aliporudi shambani hakuwa na mkanda tena. Suruali aliifunga kwa kipande cha kitambaa, na kifuani, chini ya makwapa, alijifunga kamba ya katani juu ya koti. Tangu siku ile alipimia kwenye kamba. Watoto waliokuwa wameshuka aliwarudisha etaji, wavulana wenye sauti zilizoanza kuvunjika wakakaa juu na vichanga, wakiona haya. Akajenga choo cha matete juu ya mwamba, mahali pa wazi kuliko pote, kila mtu akuone unapoingia. Mwenye shamba alipokuja akakuta nusu ya mikono imekaa juu, akamtukana mbele yetu, na wageni waliokuwa garini walimcheka mzee aliyejifunga kamba kifuani kama mwanamke anayetoka kuoga. Kapita alisema, "Ndiyo, patron." Gari lilipoondoka alipiga kelele vilevile: batoto kwa etaji. Hapo nilianza kumpenda. Nasema nilimpenda, na Mama Riziki alijua, na hakunisemesha mpaka alipohama.

Kwa ile kamba Aline alibaki etaji mpaka nilipoweza kumpeleka shule. Hakushika bomba la dawa hata siku moja. Haja niliyokuja nayo Keshero niliipata, na niliipata kwa sababu ya yule mzee.

Miaka mingi baadaye, vita vilipoingia mjini, mwenye shamba hakuonekana tena. Etaji ilikatwa kuni upesi. Watu waliokuwa wamekimbilia kwenye mahema wakaambiwa warudi makwao, wengine hawakuwa na kwao, wakaanza kulima vipande vya lile shamba popote jembe lilipoingia. Aline alikuwa ameolewa, mume wake ameondoka kutafuta kazi na hatujapata habari zake, na amebaki na mtoto wa kunyonya. Siku moja, jiko likiwa baridi, aliniambia, "Mama, twende na sisi. Tutalima." Nilikuwa nimemlea mtu asirudi kule, naye alikuwa anarudi na mwingine mgongoni.

Kipande tulichopata kilikuwa ng'ambo ya kilima, upande ambao mimi sikuwahi kulima. Vibonde vya upande wetu wa zamani ningeweza kuvionyesha nikifumba macho, lakini vya kule sikuvijua, na mtu mmoja tu ndiye aliyevijua. Nilimkuta Kapita mtaa wa Kituku, ufukweni mwa ziwa, kwa mpwa wake, amekaa kwenye kigoda nyuma ya wanawake wanaoanika sambaza, dagaa wa ziwani. Alikuwa amepinda, koti lenyewe limemzidi. Alinitambua mara moja.

"Mama Aline," alisema. "Mutoto iko wapi?"

"Iko, Papa. Na yeye ana mutoto sasa."

"Iko chini?"

"Yuko kwa mugongo."

"Njo vile," akasema, ameridhika.

Nilitokwa na machozi kwa furaha. Mpwa wake aliniambia pembeni kwamba muzee siku hizi anasahausahau, juzi amemwita kwa jina la mama yake. Nikasema ni uzee, sisi sote majina yanatutoka. Tukampandisha pikipiki asubuhi iliyofuata, mimi nimekaa nyuma yake nikimshika asianguke, Aline akitufuata kwa miguu.

Alipokanyaga yale mawe aligeuka yule yule. Alitembea mbele yetu bila kuangalia chini, akanyoosha mkono, akakemea. "Pale pabaya. Na pale, baada ya mvua. Hapa hapana kitu, laza ata kumi. Pale chini ya jiwe, asubuhi tu." Nilimweleza Aline kwamba mzee hapendi alama, lakini Aline alisema yeye hana kichwa cha mzee. Alikata vijiti, kila Kapita aliponyoosha mkono yeye akachomeka kijiti, na pasipo kijiti tukapanga pa kukaa, pa kupikia na pa kumnyonyeshea mtoto. Tulifanya kazi hiyo mpaka jua likapanda. Nilikuwa na amani ambayo sikuwa nayo tangu vita.

Tulirudi kwa njia ya chini ili tufike barabarani. Pale kati ya mawe mawili Kapita alisimama. Nilijua tumesimama wapi. Aline hakujua, alikuwa mdogo siku ile, alikuwa juu na wenzake. Majani ya mle ndani yalikuwa mabichi sana. Kapita aliyatazama, uso wake ukalegea, akatabasamu, jambo ambalo katika miaka yote sikuwahi kuliona.

"Hapa iko pazuri," alimwambia Aline kwa upole. "Iko joto, upepo hakuna. Mutoto amechoka. Mulalishe hapa kidogo."

Na akaanza kushuka mwenyewe, ameinama, mkono wake ukinyoosha majani, amtandikie.

Aline alikuwa ameshafungua fundo la kitenge. Nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akalia kwa maumivu, kisha nikamvuta mzee kwa koti, nikampandisha juu.

"Papa! Papa, hapa njo Riziki alikufiaka!"

Aliniangalia. Alijaribu kukumbuka, niliona anajaribu.

"Riziki ni nani?" aliuliza. Halafu akakasirika, akaukung'uta mkono wangu. "Weye ni mama ya namna gani? Unatesa mutoto na upepo, na hapa iko pazuri?"

Nililia mbele yao wote wawili. Nilimkalisha juu ya jiwe, nikamfunga vifungo vya koti, naye akaendelea kunung'unika kwamba wanawake wa siku hizi hawana huruma. Nilipoinua kichwa Aline hakuwa karibu nasi. Alikuwa amerudi kwenye kipande chetu, mtoto mgongoni, akiving'oa vile vijiti kimoja kimoja na kuvitupa, mpaka ardhi yote ikabaki sawa, isiyojulikana pabaya wala pazuri.